Zamu ya Amne

Kila asubuhi, Amne alipotokeza tu kwenye uzio wa minyaa wa bibi yake, alikuta begi lake limeshapata mbebaji. Leo alikuwa Stumai, kiongozi wa kundi lao.

"Lete begi, Amne."

"Naliweza, Stumai."

"Aah, wewe lete tu bwana. Utachoka."

Amne alisoma darasa la sita. Miguu yake ilipooza alipokuwa mdogo sana, na tangu hapo alitembea kwa magongo mawili. Na kutembea alikujua! Magongo yaligonga njia ya mawe, ko-ko, ko-ko, na muda si muda alikuwa mbele, huku Stumai na mabegi yake mawili akihema nyuma. Lakini nani wa kuliona hilo? Mtu akishaamua kukuonea huruma, haoni kingine.

Alihamia kijijini hapo, jirani na Ilongero, mwezi wa kwanza. Alitoka Singida mjini ili akae na bibi yake aliyekuwa amebaki peke yake. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya mistari akasema, "Huyu ni mwenzenu. Atakayemcheka atanitambua! Nataka mumtunze kama mboni ya jicho." Alisema kwa nia njema, na wanafunzi, wakiamua kuwa wasikivu, huwa wasikivu kupita kiasi. Wakamtunza kweli. Amne akishika ufagio, ananyang'anywa. Akiinama aokote karatasi, imeshaokotwa. Kwenye zamu za kumwagilia miti hakupangwa hata mara moja. Hakuna aliyemcheka, lakini pia hakuna aliyemgombeza, wala aliyemtania, wala aliyemnong'oneza siri. Wenzake wakiwa wanacheka chini ya dirisha, akifika yeye wananyamaza na kumpisha akae.

Mjini wenzake walimwita Dereva, kwa sababu alipenda kupita katikati yao akipiga kelele, "Pisha, pisha, breki zimekatika!" Naye aliwapa wao majina ya kuchekesha. Hapa hakuwa na jina jingine ila "maskini Amne". Upweke ulimkaba, na hakujua aushitaki kwa nani. Utamshitakije mtu kwa kosa la kukupa kiti?

Mwezi wa sita ukafika, na upepo wa baridi wa Singida ukaanza kuvuma mchana kutwa. Alizeti ya shamba la shule ilikuwa imekauka. Kila kundi la darasa la sita lilikuwa na kipande chake, na kazi ilikuwa moja: kukata vichwa, kuvianika, kuvipiga, kupepeta, na kujaza gunia. Magunia yangepelekwa kukamuliwa mafuta, na mafuta yangetiwa kwenye makande ya shule mwaka mzima. Kundi ambalo gunia lake halikujaa lingerudi shambani kuokota vichwa vilivyosalia kwenye matuta, kazi ambayo hakuna aliyeipenda.

Siku ya kwanza ya kupiga alizeti, wenzake walikaa kuzunguka turubai, kila mmoja na fimbo yake. Amne aliwekwa kwenye kiti, pembeni, akapewa jagi la maji alishike. Mwimbishaji alikuwa Gasto, mvulana mrefu mwenye sauti ya kukwaruza na mdomo usiojua kupumzika. Kama ilivyo desturi ya kupura katika vijiji vile, wimbo ulimpitia kila mtu kwa jina lake, na kila jina lilifungiwa kijembe. Gasto alianza na kiongozi.

"Stumai mpika ugali!"

"Piga!" waliitikia wote, na fimbo zikashuka pamoja.

"Ugali una mabonge!"

"Piga!"

Stumai hakukubali kubaki na deni. Akadakia palepale.

"Gasto mlinda mahindi!"

"Piga!"

"Kalala, nyani kala!"

"Piga!"

Walicheka mpaka fimbo zikapotezana. Wimbo ulizunguka mtu hadi mtu, na Amne moyo ukamwenda mbio, maana sasa ilikuwa zamu yake. Atasema nini Gasto? Kuhusu magongo? Kuhusu shati lake lililopauka? Aseme chochote tu!

Gasto alimtazama, akashusha sauti kama yuko kanisani.

"Amne dada mpole."

"Piga," waliitikia, polepole.

"Mungu ambariki."

"Piga."

Kisha wimbo ukaruka kwa mwingine, na kelele zikarudi. Amne aliinamia jagi la maji ili wasimwone machozi. Aliumia kuliko kama wangemtukana.

Jioni alimkuta bibi yake akiwaswaga kuku bandani, akiwasemesha Kinyaturu kama kawaida yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Uso huo umeutoa wapi? Shuleni wamekupiga?"

"Afadhali wangenipiga."

Akamweleza yote: kiti, jagi, wimbo. Bibi alifunga mlango wa banda, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Kwenye kupura, asiyeimbwa kijembe ni mgeni," alisema. "Hata mimi nilipoolewa hapa, niliimbiwa kwamba nimekuja na meno mengi kuliko mahari. Nilifurahi, nikajua nimefika. Sasa wewe, wenzako umewaambia kwamba unataka kazi?"

"Kwani hawaoni?"

"Wanaona magongo. Moyo wako wauone kwa tundu lipi? Mdomo huo Mungu hakukupa wa kulia ugali tu."

Kesho yake Amne aliamua kusema, lakini loo, alisema vibaya. Asubuhi Stumai alipoufuata ufagio mkononi mwake, Amne aliuvuta kwa nguvu akafoka, "Niache! Mimi si mtoto mchanga! Nimechoka na huruma zenu!"

Uwanja mzima uligeuka kutazama. Stumai alisimama na mdomo wazi, macho yakalowa, akaondoka. Amne alifagia peke yake kipande kikubwa cha uwanja, na hakufurahia hata chembe. Alikuwa ameupata ufagio na kumkosa mtu.

Wakati wa mapumziko alimfuata Stumai nyuma ya darasa. Akajisogeza karibu, akashika gongo moja kwa mikono yote miwili.

"Stumai, nisamehe. Nilikufokea, na wewe hukunikosea kwa makusudi."

"Mimi nilidhani nakusaidia," Stumai alisema, bado amenuna.

"Najua. Lakini ukininyang'anya kila kazi, nakaa kama mgeni anayesubiri chai. Kuna vitu siwezi, nitakuambia. Maji ya ndoo siwezi kubeba. Kulinda alizeti naweza, na kuipiga naweza. Nipangie zamu kama wenzangu."

Stumai alifikiri. Alikuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa haki.

"Haya. Kesho mchana, wewe na Gasto. Vichwa vilivyobaki vimeanikwa kando ya stoo. Mbuzi wa jirani ni wezi, msiwape nafasi."

Amne alifurahi akataka kumkumbatia. Usiku ule aliota mbuzi tu, akiwatimua mmoja mmoja.

Siku ya pili mchana alikaa kwenye jiwe kando ya turubai, magongo tayari. Gasto alikaa upande wa pili, kimya, kwa sababu mbele ya Amne hakujua aongee nini. Baadaye kidogo mwalimu alimwita Gasto akasaidie kuhamisha madawati.

"Nimwite mtu aje akae na wewe?" Gasto aliuliza.

"Wa nini? Nenda tu. Mimi nipo."

Gasto akaenda. Amne akabaki na zamu yake, peke yake, kichwa juu kama askari wa benki. Mbuzi mmoja alichungulia. Aliona gongo likiinuliwa, akageuza njia. Mambo yalikuwa mazuri kabisa.

Ndipo sauti ikamwita kutoka nyuma ya darasa la tano. Wasichana walikuwa wakicheza rede, mpira wao wa soksi umekosa mrushaji wa upande mmoja.

"Amne! Unaweza kurusha? Njoo basi, mara moja!"

Tangu mwezi wa kwanza hakuna aliyewahi kumwita kwenye mchezo. Amne alitazama alizeti, akatazama njia. Mbuzi hawakuwepo. Mara moja tu, alijiambia. Akaenda ko-ko, ko-ko, mbio, akaegemea gongo moja, akarusha. Mkono wake uliozoea magongo ulikuwa na nguvu, na mpira ulimpata msichana wa katikati mgongoni paa! Wakapiga kelele. Akarusha tena, na tena. Ile mara moja ilizaa watoto na wajukuu.

Aliposikia Gasto akipiga kelele za kufukuza, ilikuwa imeshakuwa. Mbuzi walijaa juu ya turubai. Vichwa vya alizeti vilikuwa vimetafunwa, vimetawanywa, vimekanyagwa, na mbuzi mmoja mzee aliondoka na kichwa mdomoni bila haraka yoyote.

Kundi zima lilikuja mbio, na Mwalimu Scholastika, mwalimu wa shamba, nyuma yao. Wote walimgeukia Gasto.

"Ulikuwa wapi wewe?" Stumai alimaka.

"Niliitwa kwenye madawati."

"Na ukamwacha Amne peke yake na mbuzi? Angewafukuzaje, maskini?"

"Nilimuuliza..." Gasto alianza, kisha akamtazama Amne aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, akihema. Akanyamaza. Hata yeye hakutaka kumtaja.

Mwalimu Scholastika alitikisa kichwa. "Gasto, Jumamosi utakwenda shambani kuokota vichwa vilivyosalia. Utaokota mpaka pengo hili lizibike. Wengine rudini darasani."

Amne alifungua mdomo. Halafu akaufunga. Tuseme kweli: ilikuwa raha kidogo. Hakuna aliyemtazama kwa ubaya. Hakuna aliyemuuliza hata swali. Ile huruma aliyoichukia ilikuwa imemfungulia mlango wa nyuma, na alichotakiwa kufanya ni kupita tu, kimya kimya.

Aliingia darasani akakaa. Somo lilikuwa hisabati, lakini ubaoni hakuona kitu. Mbele yake alikaa Gasto, mabega yameshuka, mdomo usiopumzika umepumzika leo. Amne aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alitaka zamu kama wenzake, akapewa. Sasa lawama ya zamu hiyo ataiacha kwa mwingine? Basi arudi tu kwenye kiti chake cha pembeni akashike jagi, maana huko ndiko mahali pa mtu asiyelaumiwa.

Mchana ulipokwisha, wanafunzi walisimama mistari kabla ya kwenda nyumbani. Mwalimu Scholastika alikuwa zamu. Amne akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mwenye kosa la alizeti ni mimi, si Gasto."

Mwalimu alitabasamu kwa upole. "Tunajua una moyo mzuri, Amne. Lakini usijibebeshe kosa la mwenzako."

Amne hakuamini masikio yake. Hata kosa lake walikuwa wanamnyang'anya, kama ufagio!

"Mwalimu, ni langu!" alisema kwa sauti iliyofika mpaka mstari wa mwisho. "Gasto aliniuliza kama niitiwe mtu, nikakataa. Nilikuwa naweza kabisa kuwafukuza wale mbuzi. Gongo langu ni refu kuliko fimbo yake. Lakini niliacha zamu nikaenda kucheza rede. Waulizeni."

Wasichana wa rede waliangalia chini. "Ni kweli, Mwalimu," mmoja alisema. "Sisi tulimwita."

Stumai akalipuka.

"Amne! Yaani sisi tumevunjika migongo kukata vichwa vile, wewe unaviacha unakwenda kwenye rede? Na ulikuja mwenyewe kuniomba zamu! Ovyo kabisa!"

"Stumai, usimgombeze," mtu alinong'ona, akimvuta sketi.

"Mwacheni anigombeze," Amne alisema. Machozi yalimtoka, lakini kichwa hakukiinamisha. "Ana haki. Stumai, nimekosa. Gasto, nisamehe. Jumamosi ni yangu."

Mwalimu Scholastika alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona mwanafunzi huyo kwa mara ya kwanza.

"Vema," alisema. "Adhabu ya Gasto imefutwa. Amne, Jumamosi asubuhi, shambani. Usichelewe."

Jumamosi ile upepo ulikuwa wa kukata masikio. Amne alifika na kiroba chake, akatazama matuta. Magongo na matuta hayapatani hata siku moja: hatua moja gongo linazama, hatua ya pili linateleza. Alianguka mara ya kwanza, akainuka. Alianguka tena. Mara ya tatu hakuinuka. Alikaa hukohuko chini kati ya matuta mawili, akaweka magongo ubavuni, akaanza kujisogeza kwa mikono, akiokota kushoto na kulia na kutia ndani ya kiroba. Kumbe aliyekaa chini anaviona vichwa ambavyo aliyesimama anavipita. Kazi ilikwenda taratibu, lakini ilikwenda.

"He! Wewe unaokota alizeti au unapanda?"

Alikuwa Gasto, amesimama kwenye ukingo wa shamba. Ilimtoka tu, kama vijembe vyake vyote vinavyomtoka, na papo hapo akajiziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka kwa woga.

Amne alijitazama: vumbi mpaka kwenye nyusi, majani kwenye nywele. Akaangua kicheko. "Napanda," alijibu. "Nikiota, uje unipalilie."

Gasto naye akacheka, kicheko kirefu, cha mtu aliyetuliwa mzigo. Nyuma yake wakatokea Stumai na wengine wa kundi. Gunia lilikuwa la wote, walisema, basi na masazo ni ya wote. Stumai alifika mpaka alipokaa Amne. Mkono wake ulianza kukifuata kiroba, ukasita njiani.

"Nikusaidie nini?" aliuliza.

"Kiroba kikijaa, nipelekee kwenye turubai. Kuokota naokota mwenyewe."

"Haya," Stumai alisema, akasubiri kijae.

Jumatatu walikaa kuzunguka turubai kwa mara ya mwisho. Kiti hakikuletwa. Amne alikaa chini pamoja na wenzake, fimbo mkononi, na jagi la maji likawekwa kwenye jiwe, ambako siku zote lingeweza kukaa. Gasto akasafisha koo. Alipita kwa Stumai, akapita kwa wengine, kisha akamgeukia Amne. Safari hii sauti haikushuka.

"Amne mlinda alizeti!"

"Piga!" Fimbo zilishuka kwa kishindo.

"Mbuzi kawapa karamu!"

"Piga!"

Walimtazama wote, wakisubiri. Amne hakuwaacha wangoje.

"Gasto sauti ya jogoo!"

"Piga!"

"Jogoo kameza mchanga!"

"Piga!"

Kicheko kilichofuata kiliwatoa walimu ofisini. Mwalimu Scholastika alikuja akasimama kando mpaka alizeti yote ikapepetwa na gunia likashonwa mdomo. Lilijaa, ingawa kwa kusukumwasukumwa. Kisha akawakalisha.

"Nina neno," alisema. "Nianze na sisi walimu. Tuliwaambia mmtunze Amne, tukasahau kuwaambia muishi naye. Hilo ni kosa letu. Na ninyi, kumsaidia mwenzako ni jambo jema sana, lakini muulize kwanza anataka asaidiwe nini. Ukimfanyia kila kitu, unamwambia bila maneno kwamba hawezi kitu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mmemweka mgeni miezi mitano!"

Wakacheka, kwa haya kidogo.

"Utani pia una adabu yake," Mwalimu aliendelea. "Utani ni wa kujibizana, na mwenzako akikunja uso, unaacha. Anayecheka peke yake huyo hatanii, anadhihaki."

Akamgeukia Amne. "Na wewe, binti, ulitaka wenzako wajue la moyoni mwako bila kuwaambia. Unachoweza, sema. Usichoweza, sema pia, si aibu. Na ukishapewa kazi, ishike mpaka mwisho. Siku ile ungeweza kujificha nyuma ya magongo yako, na sote tungekuamini. Hukujificha. Ndiyo maana leo umekaa hapo ulipokaa."

Amne alitikisa kichwa kukubali.

"Haya, tawanyikeni," Mwalimu alisema.

"Subirini!" Stumai alisimama, mikono kiunoni. "Zamu za kesho. Gasto, kumwagilia miti. Amne, kufagia vyoo."

"Vyoo!" Amne alipiga kelele. "Kwa nini mimi? Si kuna wengine?"

"Kwa sababu ni zamu yako."

Amne alinuna, akanung'unika, akasema kiongozi huyu hana huruma hata kidogo. Kisha akachukua magongo yake, akalitupa begi mgongoni, na kwenda nyumbani akilalamika pamoja na wenzake njia nzima.